Hela Zenye Tundu

Morogoro, Juni 1913

Dada Scholastika,

Shikamoo. Jambo hili sijalisema hata kwa padri kwenye kitubio: hela zenye tundu ninazolipwa na Masista kwa kushona nimezitunga pamoja na shanga zangu za kiunoni. Ni nauli ya garimoshi, nije kwako Dar es Salaam. Nimejifunza kutembea polepole zisilie. Bibi ananicheka, "Kristina siku hizi anatembea kama bibi harusi."

Eti ni kweli bahari yote ni chumvi? Shuleni tumejifunza kuiandika kwa Kijerumani, ila kuuliza hilo niliona haya. Mbona basi huku chumvi inazidi kupanda bei? Mara mbili nimekata uzi ili tununue chumvi, nikaanza kutunga upya.

Mbuzi amezaa mapacha. Kodi ya nyumba inayotozwa na Serikali bado, na Baba asipolipa kufikia Jumamosi watampeleka kulima katika shamba la Mzungu. Kifua chake unakijua. Zilizo kiunoni zinatosha kodi, nauli haitabaki.

Nasikia miguu ya Mama, anakuja mlangoni. Naificha karatasi hii chini ya mkeka, kisha nitainuka nitembee upesi, azisikie.