Gari la Mama na Bei Zake Tatu

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sisi huku hatujambo. Mama miguu inamsumbua asubuhi, lakini ikifika saa nne anaisahau.

Najua utashangaa. Mara ya mwisho uliponiona nilikuwa na miaka sita, sina meno ya mbele. Sasa meno ninayo yote, na ni fundi cherehani. Anwani ya gereji yako nimeikuta kwenye kifuniko cha boksi la spea ndani ya gari la mama. Namba ya simu ilikuwepo pia, nikapiga. Ukapokea, ukapiga kelele, "Haloo! Sisikii! Andika!" ukakata. Basi nimeandika.

Shida yangu ni hilo gari. Lile la zahanati, linalovuta kwa magurudumu yote manne, ambalo mama aliliendesha miaka kumi na saba kupeleka wauguzi na chanjo kusiko na barabara, na zahanati ilipoliacha akalinunua, akaendelea na kazi ileile. Limekaa bandani tangu nikiwa mtoto. Sasa nimepata kazi ya kushona sare za shule mbili, na banda nalihitaji kwa vyerehani.

Wanunuzi wamekuja wawili. Wa kwanza ni wa chuma chakavu, alikuja na mizani yake. Wa pili ni bwana mmoja anayekusanya magari ya zamani. Alilizunguka mara nne, akapiga picha, akasema, "Limepungukiwa vitu. Nitajieni bei." Mama akamjibu, "Bei hatuijui." Yule bwana alipoondoka nikamuuliza mama nani anaijua. Akasema, "Yupo mmoja," akaingia ndani.

Mmoja huyo nadhani ni wewe. Kwa nini hamsemezani, hakuna aliyewahi kuniambia. Mama hajui kwamba nimekuandikia. Niambie tu, mjomba: gari hili lina thamani gani?

Mpwa wako,
binti wa dada yako


19 Februari

Mjomba wangu mdogo,

Marahaba. Mimi mzima, isipokuwa masikio, ambayo nyundo imeyamaliza. Hapa gereji wananiita Spana kwa sababu ndilo neno pekee ninalolisikia vizuri.

Unaniuliza thamani ya gari ambalo sijaliona kwa miaka ishirini na mbili. Ni sawa na mimi nikuandikie "nishonee suruali" bila vipimo. Kwa hiyo nitolee vipimo.

Vaa nguo usiyoipenda, ulale chini ya gari. Ndiyo, wewe. Ile mihimili miwili mirefu inayobeba kila kitu ndiyo chesisi, yaani uti wa mgongo. Ichome kwa bisibisi, shubiri kwa shubiri. Ikilia, ni chuma. Ikizama, ni biskuti. Karibu na gurudumu la mbele kulia kuna namba zimegongwa. Futa kutu, uzinakili, halafu uzilinganishe na kadi ya gari. Kisha fungua boneti, ushike mkanda wa feni uuvute. Injini ikikubali kuzunguka hata robo, haijafa, imelala. Baada ya hapo niandikie vilivyopungua. Usiandike "vitu vingi". Andika kimoja kimoja.

Na yule wa mizani mfukuze. Gari halipimwi kama viazi.

Hali ya mama yako sikuiuliza mwanzoni mwa barua. Naiuliza sasa.

Mjomba wako


6 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo. Nimelisoma lile swali lako mara tatu, na ningeweza ningempelekea salamu zako, lakini bado naogopa.

Vipimo hivi hapa. Chesisi inalia kotekote, mpaka mkono ukaniuma. Namba zinafanana na kadi, tarakimu kwa tarakimu. Injini nimeivuta, ikagoma, nikaivuta tena huku nimeweka mguu ukutani, ikazunguka na kutoa pumzi kama mzee anayeamshwa. Nilifurahi, nikapiga makofi peke yangu bandani.

Sasa mabaya. Sakafu upande wa kushoto imeliwa na kutu. Ukikanyaga, kiatu kinafika ardhini. Mlango wa kushoto haupo. Taa moja ya mbele haipo. Viti panya wamevimaliza, imebaki mifupa, lakini hivyo usivihesabu. Viti ni kushona, na kushona ni kazi yangu.

Kuna jambo moja sielewi. Chini, nyuma ya gia boksi, pana nafasi tupu kama pengo la jino. Kitu kikubwa kimetolewa hapo. Lakini aliyekitoa hakuwa mwizi wa haraka, maana boliti zote zimerudishwa kwenye matundu yake na kukazwa kwa mkono, na kila moja imepakwa grisi. Ni kitu gani hicho? Na bei inashuka kiasi gani bila hicho?

Nilipotoka bandani mama alinitazama nilivyochafuka, akauliza, "Umefika hadi chini?" Nikasema ndiyo. Akanichotea maji ya kuoga.

Bwana wa magari atarudi mwisho wa mwezi. Nijibu upesi.

Mpwa wako


2 Mei

Mjomba wangu mdogo,

Hamjambo wote? Najua uliniambia upesi, na nimechelewa miezi miwili. Siyo posta. Barua hii nimeiandika mara nyingi, na mara zote nikaichania kwenye pipa la matambara.

Nianze na ulichoniuliza. Gari hilo lina bei tatu. Kwa kuwa wewe ni mshonaji, nitakupa kwa vyerehani. Kwa mtu wa chuma chakavu, ni cherehani kimoja kilichotumika. Kwa anayelijua, kama lilivyo sasa, namba zikiwa sahihi na injini ikizunguka, ni vyerehani sita vipya vya umeme; msikubali vitano. Likitembea lenyewe, ni vyerehani kumi na nane, na anayetaka ataomba kwa adabu.

Tofauti kati ya bei ya pili na ya tatu, kwa sehemu kubwa, ni hilo pengo. Kilichokuwa hapo ni gia boksi ndogo, inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Mafundi tunaiita transfa. Bila transfa, injini inaunguruma tu, gari halisogei hata hatua moja. Na ya gari kama hilo haiuzwi tena dukani.

Ninayo mimi. Iko chini ya benchi yangu, imefungwa kwenye gunia, na kila mwaka naifungua naipaka mafuta.

Sikuiba, ingawa dada yangu aliita wizi. Ulikuwa na miaka sita, hukumbuki. Mama yako alianza kuzimia. Mara ya kwanza alikuwa jikoni, akasema ni njaa. Mara ya pili alikuwa kwenye usukani. Mimi nilikaa pembeni yake, na nyuma kulikuwa na muuguzi pamoja na wewe. Kichwa kilianguka mbele, gari likaacha njia. Niliunyakua usukani, tukaangukia mtaroni. Aliponiona nimekushika mkononi, neno la kwanza aliniapisha nisimwambie mtu, maana dereva anayezimia hana kazi. Nikaapa. Kesho yake akawa anajiandaa kusafiri.

Nikamwambia, "Dada, tafadhali, nenda kwanza hospitali."

Akasema, "Gari ni langu, na mimi ndiye mkubwa."

Nilikuwa nimeapa kunyamaza. Sikuwa nimeapa kukaa bure. Alipokwenda kuoga nikajilaza chini ya gari. Nilimaliza kabla hajamaliza chai. Aliwasha, akatia gia, halikwenda. Alishuka, akaniangalia, akasema, "Umenikata miguu." Tangu siku hiyo hajanisemesha, na mimi sikurudi.

Sasa unajua bei, na unajua kwa nini. Fanya utakavyoona.

Mjomba wako


20 Mei

Mjomba,

Shikamoo, tena shikamoo nyingine kwa ule usukani ulionyakua.

Nimemsomea mama barua yako yote. Alikuwa anachambua mchele. Nilianzia kwenye vyerehani, akatikisa kichwa akisikiliza kama hakimu. Nilipofika kwenye gunia mikono ikasimama, lakini hakunikataza. Nikasoma mpaka mwisho.

"Rudia pale," akasema.

"Pale pa miguu?"

"Pale aliposema nilizimia mara mbili."

Nikarudia.

"Amekosea," akasema. "Zilikuwa tatu."

Mjomba, nilikaa chini. Akanieleza huku anautazama ule mchele. Wiki moja kabla ya ule mtaro, alikuwa peke yake, ametoka kushusha wauguzi. Alipozinduka gari lilikuwa limeingia kwenye ua wa watu, injini inaunguruma, boneti iko hatua mbili kutoka ukutani. Upande wa pili wa ukuta watoto walikuwa wanaimba. Alirudi nyuma polepole, akaondoka, na hakumwambia mtu yeyote mpaka siku hiyo aliponiambia mimi.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo mjomba hakukosea?"

"Nilijua siku ileile kwamba hakukosea. Angekuwa amekosea ningeshamsamehe zamani."

Vile vidonge vyake vya kila asubuhi, alivyotuambia ni vya presha, kumbe si vya presha, ni vya kuzuia kuzimia. Alikwenda hospitali mwezi uleule ulipotoa transfa, na tangu hapo hajazimia tena. Nilimkasirikia kidogo, halafu nikalia kidogo, halafu tukaumaliza mchele pamoja.

Kisha akawa mtu mwingine kabisa. Anasema umeshusha bei. Anasema mlango wa kushoto haujapotea, ni mlango wa banda la kuku la seremala wa nyuma yetu, aliuazima mwaka ambao kuku wake waliliwa. Jana ameufuata mwenyewe, na seremala amekubali. Yule bwana wa magari alirudi na kutaja bei ya vyerehani vitano. Mama akamwambia asubiri. "Naliuza likitembea," ameniambia. "Halitoki hapa limebebwa kama mgonjwa. Mwandikie alete kifaa changu."

Nikamuuliza, "Na yeye mwenyewe je?"

Akasema, "Kwani kifaa kina miguu?"

Mpwa wako


3 Juni

Mjomba wangu mdogo,

Marahaba. Nimefurahi vidonge vinamfaa.

Sikujua habari ya mara ya tatu. Nimeifikiria ile nyumba ya watoto waliokuwa wanaimba, usiku na mchana.

Nakuuliza jambo moja. Hayo maneno, "kifaa kina miguu," aliyasema kwa sauti gani? Dada yangu ana sauti ya kufukuza na ana sauti ya kuita, na kwenye karatasi zote mbili ni herufi zilezile. Mimi ni mtu mzima, na mgongo wangu hauwezi kubeba transfa kwenda na kurudi nayo.

Mjomba wako


11 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Aliyasema huku anatoa godoro la wageni kulianika juani. Njoo.

Mpwa wako


25 Agosti

Mjomba wangu mdogo,

Hamjambo? Nimefika salama. Mgongo unalalamika, lakini una haki yake baada ya wiki tano chini ya gari. Vile viti ulivyoshona kila mtu amevisifu.

Umeandika kwamba mama yako amerudi na basi, akasema "Limefika" na kwenda kulala, na hataki kukueleza zaidi. Mimi nilipitiliza moja kwa moja kurudi kwangu, ndiyo maana unaniuliza mimi. Nitakueleza, ila usimwambie nimekwambia.

Tulikuacha pale getini, tukafika darajani. Nilipobadilisha gia akasema, "Taratibu, hiyo ya tatu haipendi kusukumwa." Nikabadilisha taratibu. Kilima kile kirefu tulikipanda kwa magurudumu yote manne, akaweka kiganja kwenye dashibodi, akasikiliza. Tukaanza kushuka. Nikageuka, nikaona kichwa kimeangukia kifuani.

Nikadhani amezimia tena. Nilisimamisha gari katikati ya barabara, nikamshika bega, nikaita, "Dada! Dada!"

Akafungua jicho moja. "Una nini wewe? Nimelala."

"Tangu lini unalala mtu mwingine akiendesha?"

"Nimechoka," akasema. "Na barabara unaijua. Endesha." Akalala tena, mpaka tulipofika. Niliendesha polepole kuliko ilivyotakiwa.

Yule bwana wa magari alitupokea na wafanyakazi wake wote. Akamuuliza mama yako kama kuna kasoro asiyoiona. Mwingine angenyamaza. Dada yangu alimtajia zote, saa nzima: sakafu ilivyopigwa kiraka, breki inavyovuta kushoto asubuhi, jinsi ya kuliamsha kukiwa na baridi. Nilimkanyaga mguu anyamaze. Akanikanyaga na yeye. Yule bwana aliandika kila kitu kwenye daftari, kisha akalipa bei ya tatu bila kupunguza. Akaomba mama yako aje kila mwezi, kwa nauli yake yeye bwana, awafundishe vijana wake kulitunza. Kwenye fomu ya mauzo palikuwa na mstari wa kazi ya muuzaji. Ameandika "Dereva", akaitazama, akaongeza "mstaafu", halafu akatia sahihi.

Stendi tuligombana nani amlipie mwenzake chai, mabasi mawili yakatuacha. Ameniambia atakuja kwangu mwezi wa kumi na mbili kukaa wiki mbili, akaione hiyo gereji ya kiziwi. Chumba nimeshaanza kukipaka rangi. Kina dirisha la mashariki, na sasa sijui kitanda nikiweke wapi. Niandikie: anapenda jua limfikie usoni asubuhi, au miguuni?

Mjomba wako,
Spana