Mifuko ya Koti la Twiga

Chumba cha nyuma,
Duka la Cherehani,
Barabara ya Stesheni.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Habari za ugenini? Kifua kimepona? Wifi na watoto hawajambo? Sisi tupo, tunapumua. Nisikudanganye kwamba tu wazima.

Mji umeanguka, hilo umelisikia. Usilolisikia ni kwamba redio ilituambia tutulie asubuhi ileile wakubwa wa jeshi walipokuwa wanapakia makochi yao kwenye malori. Makochi, mdogo wangu! Askari wadogo wakaachwa solemba barabarani.

Mmoja wao ni kitindamimba wetu, Twiga. Aliingia kwa mlango wa uani na magwanda yake. Shemeji yako akamvua, akamjaribisha nguo za wateja. Unamjua Twiga kwa urefu, kila suruali ilimwishia kwenye ugoko. Ikabidi amshonee suti upya, kwa kitambaa cha mteja aliyekimbia.

Na shemeji yako unamjua. Tangu anioe sijamwona akitupa hata kiraka. Kitambaa cha mifuko kilikuwa kimekwisha. Mimi niko jikoni nachoma magwanda, kumbe mwenzangu alishakata mguu mmoja wa suruali ya jeshi, akatengenezea mifuko ya koti. Imara, alisema baadaye, haichaniki. Akishika mkasi hawazi kitu kingine. Mama, pale kitandani, akampapasa Twiga mabega, akasema koti limemkaa.

Twiga akaondoka kuja kwako. Kwenye kizuizi cha washindi pale darajani wanaume wote waliamriwa watoe mifuko nje. Muuza maziwa wetu alikuwa nyuma yake kwenye foleni, ndiye aliyetuletea habari. Twiga akavuta mifuko, ikaning'inia ile rangi ya jeshi. Wakamwuliza fundi wake nani, yuko mtaa gani.

"Nimenunua mtumba," akasema.

Wakampiga risasi palepale. Angetaja duka, leo ningekuwa mjane. Namchukia mume wangu, na namshukuru Mungu yuko hai, yote mawili kabla sijanywa chai. Nimechoka.

Sasa washindi wanamletea magwanda yao apunguze viuno. Anashona. Kila nguo inayoingia, kwanza anatoa mifuko nje, anaitazama. Nami nampikia, nifanyeje.

Mama hajui. Nimemwambia Twiga alivuka, yuko kwako. Usinigombeze, wewe hukuwepo. Akikupigia simu mwambie amelala, au yuko kazini, utajua mwenyewe.

Nisalimie wifi, nibusie yule mdogo. Muuza maziwa anakupa pole. Shemeji yako anakusalimu bila kuinua uso. Mungu akufunike huko uliko, maana huku sijui kama bado anapita.

Mama anakusalimu sana. Anasema umkumbushe Twiga avae lile koti, huko kwenu kuna baridi.

Wako akupendaye, hata kwa hasira hizi,
Dada yako