Kona ya Mama Mkwe

Gathogo, ndugu yangu,

Keti vizuri. Nimekuwa mtangazaji wa mbio za magari redioni. Usicheke! Mtu aliyeacha shule darasa la saba, na kina mama sokoni Nyeri wananisalimia kama mbunge.

Kuendesha niliacha. Baada ya kukuzika kule Mweiga nilijaribu navigeta mwingine wa kukaa kando yangu na kunisomea njia, kijana msafi, ananukia sabuni. Akanisomea kona kama mtu anayesoma matangazo ya vifo. Nikasimamisha gari, nikamwambia ashuke, nikalia juu ya usukani. Usimwambie mtu, hata huko.

Wewe hukunisomea vipimo. Kila kona uliipa jina, na jina ndilo lilikuwa maagizo. Kona ya Harambee: kila mtu anaahidi, wachache wanafika, kaza breki. Kona ya Mama Mkwe: ingia na heshima, toka mbio. Kwa gari letu la kuungaunga tukawalisha vumbi watu wenye magari ya bei ya shamba. Dunia hii haijaona dereva kama mimi, na mimi sijaona mdomo kama wako.

Basi, redioni nikaita kona hivyo hivyo. Watu wakazipenda, ati hata watoto wakawa wanaziimba. Lakini bosi wetu, msichana wa digrii mbili, akaniita ofisini. "Mzee, hayo majina hayako kwa ramani. Sema kona kali kushoto, ama Jumamosi hii iwe ya mwisho." Nikamwambia, madam, ramani haijawahi kuendesha gari.

Jumamosi ikaja na mvua. Dereva mmoja mpya, msichana wa Karatina, alikuwa anaongoza, anaishukia Mama Mkwe kama ameibiwa. Gathogo, ile sentensi ya bosi nilikuwa nayo mdomoni. Kazi ni tamu, nisikudanganye. Lakini nikafikiria: nikisema "kushoto" leo, nimekuzika mara ya pili, na safari hii kwa mikono yangu.

Nikapiga kelele: "Mama Mkwe mbele! Heshima, dada, heshima!"

Yeye hakunisikia, yuko ndani ya gari. Lakini aliingia polepole kama mtu aliyebeba zawadi, akatoka kama risasi. Watu kando ya barabara wakanguruma. Maiki nikanyang'anywa kabla matope hayajatulia.

Sawa. Kwani redio ndiyo ilinipa mdomo? Mbio zijazo niko juu ya pikapu ya viazi, pale pale konani, na kipaza sauti cha kanisa. Mchungaji ameomba tu nisitukane. Nimemwambia nitajaribu.

Lala, ndugu yangu. Nakuahidi, nikiwa na pumzi, hakuna kona uliyoibatiza itakayoitwa kushoto. Na siku nitakapokuja huko, unajua nitakuja kwa kasi mbaya. Simama barabarani unisomee.

Dereva wako,
Kariuki