Maneno ya Kufungia Programu

Kaka yangu,

Shikamoo. Hatujambo, paka amezalia kwenye boksi la vitabu vyako.

Tangu kampuni uliyohamia ianze kugawa bure programu ya maduka, baba amebakiwa na wateja wanne tu wa programu yetu anayouza. Jina lako halitaji. Jana aliiweka programu yenu kwenye kompyuta yake. "Ngoja nimjue adui," akasema.

Alipoifunga, yakatokea maneno yale yale uliyowahi kuandika kwenye programu yetu: "Umechoka, kanywe maji."

Baba akaifungua, akaifunga tena, mara tatu.

"Mjinga huyu, bado anatutania!"

Kisha akaenda kunywa maji.

Njoo, hata Jumapili moja. Hajanituma, ila asubuhi ameniuliza kama anwani yako ninayo.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Miwani