Kitambaa Juu ya Kompyuta

Jumanne, Ihumwa. Upepo umeanza kabla ya chai na mpaka sasa, saa kumi na moja jioni, haujakoma. Vumbi kwenye vyombo, vumbi kwenye nywele za mtoto. Nimechoka, ila siyo uchovu wa kulalamikia. Ni ule wa kila siku.

Mayai matano yamekufa leo. Huenda ni manane.

Mdondo, ule ugonjwa wa kuku, ulipita kwa mama mkwe wangu kule Kongwa ukambakizia majike matatu na jogoo, basi. Ndipo nikakumbuka mashine ya kutotolesha vifaranga niliyoitengeneza chuo cha ufundi, kabla sijaolewa: boksi la mbao, balbu mbili, na kompyuta inayosoma joto na kuwasha au kuzima balbu. Kompyuta yenyewe ni ya kizamani, skrini ina chogo. Laptop za siku hizi hazina lile tundu pana la printa ninakochomeka nyaya zangu, kwa hiyo ni hiyo hiyo au niache. Niliikuta stoo, panya wametafuna nyaya. Nikalehemu upya kwa wiki mbili, mwanangu Upendo anapolala mchana.

Siku ilipowaka nilikaa sakafuni nikaiangalia tu. Mwanangu akaja akakaa na yeye.

Mama mkwe akaja kukaa nasi, na mayai ishirini na moja kwenye kikapu cha pumba, kila moja kalichora alama ya mkaa, kama anavyofanya kuku akitaka kuatamia. Mawili hayakuwa na mbegu, tukayatoa. Leo ni siku ya kumi na mbili.

Asubuhi nilimpeleka Upendo kliniki. Niliporudi nikakuta kompyuta imevishwa. Kitambaa cha Mama cha kudarizi, kile cha maua mekundu, kimefunika kila kitu mpaka nyuma, kwenye matundu ya feni. Kakivuta vizuri, pembe zimelingana.

"Vumbi lingeniulia kuku, mama Upendo," akasema, anajisikia kabisa. "Na mgeni akiingia aone hapa wanakaa watu."

Kwetu kitu cha maana hufunikwa. Redio, makochi, hata ndoo ya maji ya kunywa. Sikuwahi kumwambia kwamba hiki kinapumua.

Nikafunua. Skrini inasema nyuzi thelathini na saba na nusu, safi kabisa. Lakini namba haichezi. Kompyuta ilishaganda kwa joto, balbu zimebaki zinawaka. Kipimajoto cha kioo ndani ya boksi kilisoma arobaini na moja.

Nikaacha mfuniko wazi mpaka joto likashuka. Nikajifunika blanketi, nikamulika yai moja moja kwa tochi ya simu. Kumi na moja, kifaranga anacheza ndani. Matano, kimya, mishipa imefifia. Matatu sikuelewa.

"Wazima?" Mama akauliza akiwa mlangoni.

"Wazima."

Lilinitoka hivyo hivyo.

Nikawasha kompyuta upya. Nilipogeuka, Mama alikuwa anakikung'uta kitambaa ili akirudishe. Nikamshika mkono.

"Hapana, Mama. Hicho ndicho kilichoichemsha."

Akanitazama. "Mangapi?"

"Matano. Labda manane."

Akakishusha kitambaa. Kisha akasema, "Ungeniacha na hilo 'wazima' lako, kesho ningefunika tena nikawamalizia waliobaki."

Alitaka yote manane yabaki, huenda Mungu akajalia. Nikakataa. Yaliyokufa yakioza yanapasuka na kuharibu mengine. Matatu yakae, matano yatoke. Akayachukua mwenyewe kwenye kanga, akaenda kuyafukia kwenye uzio. Hakutaka nimsaidie.

Alipokuwa nje nilitoa daftari langu la chuo niikague programu. Ukurasa wa mwisho kuna wino mwekundu wa mwalimu: kompyuta ikiganda, nani atazima balbu? Chini yake mwandiko wangu: nitaweka swichi ya kujikata yenyewe, wiki ijayo.

Miaka sita.

Kitambaa kiligandisha kompyuta, sawa. Lakini aliyeacha balbu ziendelee kuwaka ni mimi.

Mama hajui. Amekikunja kitambaa chake, amekitia chini kabisa ya begi. Tangu hapo hajagusa kitu humu ndani bila kuniuliza kwanza. Hata kikombe. "Mama Upendo, hiki naweza kukitumia?" Mtu aliyenifundisha kumwogesha mwanangu.

Nimejaribu kujiambia kwamba mambo ya swichi hatayaelewa. Atayaelewa. Ni mimi sitaki ayaelewe.

Yuko uani anamlisha Upendo uji. Naacha kuandika, naweka simu chini, naenda kumwambia nusu iliyobaki.