Doa la Mama Ukutani

Kileleshwa, Nairobi
Agosti 1974, mwaka wa ishirini na nane tangu nitoke Mombasa

Kaka Bakari,

Ukuta umeanguka tena. Si ule wako. Wako waliuvunja kwa sururu baada ya arobaini yako, alivyoniandikia mwanao Twalibu. Huu ni wangu, wa kwenye ubao wenye upana wa meza ya kulia, na umeniangukia mara ya tatu hapa kwenye roshani ya nyumba ya binti yangu.

Nikueleze tangu mwanzo, maana hukupenda habari zinazoanzia kiunoni.

Mwezi mmoja baada ya kufa kwako nilikwenda mjini kufuatilia pensheni. Katika dirisha la duka moja nikaona picha ambayo rangi yake haikulala, ilisimama. Ilikuwa nene, ina matuta na mikwaruzo, kama lipu ambayo fundi ameiacha akaenda kusali. Niliingia nikaigusa. Mama mwenye duka akasema, "Mzee, hii ni ya macho, si ya mikono." Nikamwambia nimelelewa na mtu aliyeangalia kuta kwa mikono. Akacheka, akanieleza inavyofanywa: rangi ya mafuta huchanganywa na mchanga, ikapakwa kwa kisu badala ya brashi.

Chokaa niliiongeza mwenyewe. Niliinunua River Road siku ileile, pamoja na mwiko mdogo.

Nilitaka kuufanya ukuta mmoja tu, ule wa kibarazani kwetu Mombasa alipokuwa akiegemea Mama. Kila alasiri alikaa pale akisuka ukili wa mikeka, na mafuta ya nazi ya nywele zake yakaacha doa la ukubwa wa sahani. Kila mwisho wa Shaabani ulipaka chokaa nyumba nzima, na Ramadhani haijafika kumi doa limetokeza. Hata alipokufa. Mwaka ule wa kwanza bila yeye ulipapaka mara tatu. Doa lilipotokeza tena uliweka brashi chini ukasema, "Basi. Mwacheni akae." Tangu hapo ulikuwa ukilizunguka.

Basi nikakoroga chokaa asubuhi, adhuhuri nikaipaka ubaoni, kesho yake nikaweka rangi nene kwa kisu. Jirani yetu Mama Mutua, mtu wa Machakos, alichungulia juu ya ukingo. "Mzee Salimu, hiyo ni picha ama unakanda chapati?" Nilicheka, Kaka. Nilikuwa sijacheka tangu simu ya kifo chako.

Kabla ya wiki kwisha ukuta ulivimba, ukapasuka, ukatoka magamba. Niliufagia. Mara ya pili niliongeza mchanga, ikawa vilevile. Mara ya tatu vidole vilinibabuka, na binti yangu, ambaye ni nesi, akanifunga bandeji kwa upole. Upole huo ni wa wagonjwa wasiopona.

Na nilikuwa najua. Ulinifundisha nikiwa na miaka kumi, tumesimama kando ya shimo la chokaa: "Wewe Salimu, chokaa haina haraka. Mwenye haraka ni mwenye nyumba." Huloweshwa miezi mpaka ipoe moyo, na ukishaipaka ukuta huachwa ukauke kabisa ndipo mafuta yauguse. Nilijua, sikungoja.

Lakini si chokaa inayoniuma. Mara ile ya tatu, ukuta ukiwa bado mzima, nilichovya kidole gumba katika mafuta ya nazi ili niweke doa la Mama. Kidole kikabaki hewani. Kulia kwa mlango, au kushoto? Nilifumba macho nikarudi nyumbani kutoka sokoni, likawa kushoto. Nikarudi kutoka msikitini, likawa kulia. Nilimwandikia Twalibu. Amejibu, "Ami, ule ukuta wote ulikuwa madoa."

Aliyejua ni wewe tu. Na kila mwaka uliniletea salamu: "Mwambieni Salimu aje tupake chokaa kabla mkono wangu haujaanza kutetemeka." Kila mwaka nilijibu, mwakani. Sina sababu ya heshima ya kukupa. Treni ilikuwako. Likizo nilikuwa nayo. Mwanzo niliona haya kuja mikono mitupu. Baadaye niliona haya kwa kuchelewa. Halafu haya yenyewe ikawa ndiyo mazoea. Simu iliponifikia ulikuwa na siku mbili ardhini. Hata kwenye arobaini sikuja.

Chokaa uliniambia niisubiri, sikuisubiri. Wewe uliniambia nisikusubirishe, nikakusubirisha mpaka ukaondoka.

Sasa nimelowesha chokaa nyingine katika debe, nimeifunika gunia. Naikoroga kila asubuhi kwa mti, si kwa mkono. Nakuahidi sitaigusa mpaka mvua za vuli zije na ziishe. Kisha nitaupaka ukuta ule kwa mwiko, chokaa tupu, bila rangi ya mafuta. Doa sitaliweka. Kubahatisha mahali pa Mama ni kumhamisha, na wameshamhamisha mara moja kwa sururu.

Mungu akupanulie kaburi, Kaka, na akusamehe. Mimi sikuombi unisamehe kwa barua. Nilikuwa na miaka ishirini na minane ya kuja kukuomba kwa mdomo.

Twalibu ananiita nikaone duka walilojenga pale uliposimama ukuta wako. Mimi mdogo wako Salimu nimemjibu jana kwamba sitarudi.