Kufuli la Choo cha Soko

Mwingi,
Jumapili, baada ya ibada.

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na mapenzi yangu yote. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, goti limepoa, na mbuzi wamepata cha kutafuna. Sisi hapa tu wazima. Baba watoto, Nzioka, amerudi salama na lori kutoka Garissa, watoto wanasoma, na mimi bado nashona palepale mbele ya soko la nafaka, ingawa siku hizi mitumba imetunyang'anya wateja. Kitinda mimba wako Nzau naye ni mzima wa mwili, nilimwona majuzi.

Nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu simu unaisikia nusu, na nusu nyingine unaijaza mwenyewe. Jambo hili sitaki ulijaze. Nyamai atakuletea barua akija huko Kanyangi kununua ndengu. Najua umeshasikia kwenye redio, ati wanawake wahuni wa soko la Mwingi, waliotumwa na wapinzani wa kisiasa, wamevunja mali ya umma. Mama, mmoja wa wahuni hao ni binti yako, na sikutumwa na mtu. Vaa miwani, nikueleze ilivyokuwa.

Soko letu unalijua. Wanawake tunafika kabla jua halijatoka na kuondoka likizama, na miaka yote hiyo hapakuwa na mahali pa kujisaidia. Hotelini wanataka kwanza ununue chai, na chai yenyewe ndiyo itakayokurudisha tena baada ya muda mfupi. Kwenye kituo cha mafuta kijana anakuangalia kana kwamba umekuja kuiba pampu. Nyuma ya maegesho ya malori kuna vichaka, na kuna utingo wanaokupigia mluzi. Tulikuwa tunaponea kwa Tima, yule rafiki yangu anayeuza leso na viatu karibu na msikiti. Alitupitisha jikoni kwake mmoja mmoja hadi choo cha uani, mpaka mwenye nyumba akaja kulalamika kwamba shimo linajaa haraka kuliko kodi inavyopanda. Tima alimjibu kwa adabu, lakini tangu siku hiyo sisi wenyewe tuliona haya kwenda.

Kwa hiyo mjumbe wetu wa wadi, Mheshimiwa Ndululu, alipotuahidi choo wakati wa kampeni, tulimpigia kura. Sisemi uongo, choo kilijengwa, tena kizuri. Kina vigae vyeupe, masinki, na tangi juu. Ukutani wamemchora Mheshimiwa mwenyewe akitabasamu, upande wa wanawake, sijui kwa nini upande wa wanawake. Kibao cha uzinduzi kina jina lake kwa herufi kubwa, na neno choo ukilitaka lazima uiname. Siku ya kufungua kulikuwa na mahema, viti vya plastiki, na kwaya mbili. Alihutubia mpaka maziwa ya Kanyiva, mwenzetu muuza maziwa, yakaganda kwenye mtungi. Akakata utepe, akaingia ndani peke yake, walinzi wake wakasimama mlangoni, na alipotoka watu walipiga makofi. Mama, nimeishi kuona mtu mzima akipigiwa makofi kwa kutoka msalani. Na mimi nilipiga, kwa sababu nilidhani zamu yetu inafuata.

Jioni hiyohiyo kikafungwa kwa kufuli. Tulipouliza tukaambiwa maji hayajaunganishwa. Maji yakaunganishwa, tukaambiwa mkandarasi hajakabidhi. Mkandarasi akakabidhi, tukaambiwa tusubiri kamati ya kusimamia usafi, maana sisi wanawake wa soko tutakichafua. Ufunguo ulikaa na msaidizi wa Mheshimiwa, kijana mmoja mwenye shati jeupe na simu mbili. Jina lake nitakutajia, vumilia kidogo. Tuliandamana hadi ofisi ya wadi, mimi, Tima na Kanyiva, tukapokewa na karani aliyetuambia Mheshimiwa hayupo, amesafiri na wajumbe wenzake nje ya nchi kujifunza usafi wa masoko. Kanyiva alimuuliza kama huko walikoenda vyoo vinafunguliwa. Karani alicheka, kisha akakumbuka kazi yake, akainamia faili zake.

Sasa nikueleze habari za Kaveke. Ndiyo, Kaveke wako, mliyeimba naye kwaya mkiwa wasichana. Bado anauza ndengu na mbaazi karibu na mlango wangu. Kwa sababu ya umri alikuwa hawezi kujizuia kama sisi, basi akaamua kutokunywa maji kabisa tangu asubuhi hadi afike nyumbani. Na joto la hapa unalijua. Akaanza kushika kiuno, akaanza kutetemeka mchana wa jua kali, mwishowe tukampeleka hospitali. Daktari alisema maambukizi yamepanda hadi kwenye figo, akampa vidonge, akamsisitizia anywe maji mengi. Alirudi sokoni akatuambia kwamba daktari amempa dawa ya kunywa maji lakini amesahau kumwandikia mahali pa kuyamwaga. Tulicheka sana. Nikikumbuka tulivyocheka siku hiyo, natamani ningelia.

Wiki mbili zilizopita walikuja wageni, wafadhili wa mambo ya usafi. Kuanzia asubuhi soko lilifagiliwa mpaka vumbi likatuudhi. Choo kikafunguliwa. Ndani kukawekwa sabuni, karatasi laini, na msichana mwenye glavu ambaye hatujawahi kumwona. Yule msaidizi alipita kwenye vibanda akitafuta mama wa kupigwa picha akinawa mikono. Alimchagua Kaveke kwa sababu, kwa maneno yake, ana uso wa mzee mwenye shukrani. Wakamvalisha aproni mpya, wakamsimamisha kwenye bomba la nje, wakamwambia atabasamu. Alinawa, Mama. Alinawa tena na tena, kila mpiga picha akitaka picha yake, na maji yakitiririka mbele yake muda wote huo.

Nilikuwa karibu, nikasikia kila neno. Kaveke alimwita yule kijana kwa sauti ya chini, akamwambia, "Mwanangu, nisaidie niingie mara moja."

Naye akamjibu bila kugeuka, kama mtu anayemjibu bibi yeyote, "Susu, subiri wageni watoke kwanza."

Wageni waliingia, wakasifu vigae, wakatoka. Kaveke akaanza kutembea kuelekea mlangoni. Kijana akautangulia mkono wa Kaveke, akafunga kufuli, akatia ufunguo mfukoni, akawakimbilia wageni waliokuwa wanapanda magari. Kaveke alibaki pale ameshika kitasa. Na palepale, amevaa aproni yao, mbele ya soko zima na magari ambayo hayajaondoka, mwili ukamshinda.

Hakuna aliyecheka. Hata utingo hawakucheka. Aliketi chini juu ya unyevu wake mwenyewe, akajifunika uso kwa ile aproni, akakataa kuinuka. Tima alikuja mbio na leso mbili mpya kutoka dukani, akamzungushia, akawa anamwambia polepole mambo ambayo sikuyasikia. Mimi nilikuwa nimesimama na mkasi mkononi. Kisha nikaenda kwa Mutiso, fundi wa magari, nikamwomba mtaimbo. Hakuniuliza wa nini. Alinifutia mpini grisi nisichafue mikono, akanipa.

Nilipiga kufuli hilo mbele ya watu wote. Lilikuwa gumu, na mimi si mwenye nguvu, lakini sikukubali mwanaume yeyote anisaidie. Lilipoanguka tulimwingiza Kaveke kwanza, akaoga kwa ile sabuni ya wageni, Kanyiva akimshikia mlango. Halafu wanawake wakapanga foleni. Tuliingia mmoja mmoja kwa utaratibu, wauza nyanya, wauza kuku, wapita njia, mama mmoja wa Kisomali aliyeshuka kwenye basi la Garissa na mtoto wake. Hakuna aliyechafua, hakuna aliyeiba hata karatasi. Tulipiga deki wenyewe. Nakwambia, kwa muda ule mfupi lile lilikuwa soko la watu.

Polisi walikuja kabla hatujafunga vibanda. Waliuliza nani amevunja, nikasema ni mimi. Tima akasema ni yeye. Kanyiva akasema ni yeye. Afisa alionekana kuchoka, akatubeba sote watatu. Mashtaka ni kuharibu mali ya umma. Nilimuuliza afisa umma ni nani kama si Kaveke, akaniambia hilo nimwulize hakimu. Khalid, mume wa Tima, alikuja na cheti cha ploti yake, akatudhamini sote, hata mimi na Kanyiva ambao si ndugu zake. Nzioka alikuwa njiani, hakuna simu iliyompata.

Choo sasa kina kufuli kubwa kuliko la kwanza, na askari wa kulilinda mchana kutwa. Juzi nilimwona huyo askari akienda kujisaidia nyuma ya malori.

Sasa lile ambalo nimelizungusha muda wote huu. Mwenye ufunguo ni Nzau. Yule kijana wa simu mbili, aliyemwambia Kaveke asubiri wageni, ni mwanao wa mwisho. Kazi ya ofisini tuliyomchinjia mbuzi ndiyo hiyo. Na Kaveke anamjua. Ndiye aliyembeba mgongoni ulipokuwa umelazwa, wakati maziwa yako yalipokauka. Kwa hiyo aliposema mwanangu hakuwa anatumia neno la heshima tu.

Na haikuishia hapo. Kituoni walihitaji mlalamikaji, naye akatumwa yeye. Aliingia akatukuta tumekaa kwenye benchi. Afisa akamuuliza kama anawafahamu washtakiwa. Nzau aliniangalia usoni, Mama, akasema, "Ni wafanyabiashara tu wa sokoni." Kwa kuwa mimi naandikwa kwa jina la mume wangu, hakuna aliyeshuku. Tima alinigeukia akitegemea niseme. Sikusema. Kama angekanwa mtu mwingine ningepiga kelele, lakini nilikuona wewe mbele ya macho yangu, nikashindwa kuwaambia polisi kwamba huyu na mimi tumenyonya titi moja.

Kesho yake alikuja dukani kwangu kupitia mlango wa nyuma. Alilia. Alisema nikikiri kosa na kuomba msamaha hadharani, Mheshimiwa ataondoa kesi na mambo yataisha. Nikikataa, yeye atafukuzwa kwa sababu mtu atagundua sisi ni ndugu. Akaniambia, "Dada, wewe una cherehani. Mimi nina nini?" Hapo hakusema uongo, maana alisoma mpaka chuo, akazunguka miaka na vyeti vyake, na mabati ya jikoni kwako ni jasho la kazi hiyohiyo. Nampenda. Nilimpikia uji, akanywa. Kisha nikamuuliza kama amekwenda kumwona Kaveke. Akasema anaona aibu. Nikamwambia aibu hiyo aipeleke kule kwanza, halafu aje tuzungumze habari za msamaha. Alitoka kwa mlango uleule wa nyuma, na mpaka leo hajaenda.

Sitaomba msamaha, Mama. Nimekwisha kuwaambia wenzangu, nao wamesema hivyohivyo. Mchungaji alinishauri leo nijishushe, nikamjibu kwamba nimekuwa nikijishusha nyuma ya malori miaka yote. Akanishika mkono.

Kesi itaanza Alhamisi ya wiki ijayo, hapa hapa Mwingi. Nzau atakuwa shahidi wa upande wao. Upande wetu shahidi ni Kaveke. Tulimkatalia, tukamwambia si lazima kusema jambo lile mbele ya watu. Alisema lilitokea mbele ya watu, na litaelezwa mbele ya watu. Atalisema kwa Kikamba, polepole, ili mkalimani asipate nafasi ya kuruka neno.

Nakuomba uje. Nyamai atakubeba mbele kwenye lori, nimeshaongea naye. Kwa nini nakuita, sijui vizuri mwenyewe. Labda nataka Nzau aulizwe tena kama ananifahamu, nawe umekaa mahali anapoweza kukuona. Sitakupangia upande wa kuketi. Wote wawili ni watoto wako, na Kaveke ni rafiki yako.

Nisalimie Baba Mdogo na mkewe, na wamama wa kikundi chenu, na umwambie jirani kwamba gauni lake liko tayari, Nyamai amelibeba. Watoto wanakusalimu, mdogo anasema umwekee maembe. Mungu akutunze mpaka tuonane Alhamisi, au usipoweza kuja, mpaka nitakapopata ruhusa ya kuja mwenyewe.

Ni mimi binti yako,

Kalunde